Kodi ya programu yako na mafaili ya kompyuta: kivinjari, Electron, Tauri au seva ndogo ya pembeni?

Simu ilikuja saa nne asubuhi, duka likiwa limejaa wateja. "Fundi, hii fakepath ni virusi?" Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa amechagua faili la bei kwenye programu niliyomtengenezea, na chini ya kitufe skrini ikaandika `C:\fakepath\bei.csv`. Shikamoo kwanza, kisha nikamtoa hofu. Folda hiyo haipo popote. Kivinjari hakimpi mwandishi wa ukurasa anwani halisi ya faili, na badala yake kinaweka neno hilo, hata kwenye Linux ambako hakuna C wala D. Lilibaki kwenye viwango vya HTML kwa sababu kurasa nyingi za zamani zilikuwa zinakata jina la faili kuanzia kwenye mkwaju wa mwisho, na zisipouona mkwaju zinavurugika.

Duka lile lina mambo matatu yanayogusa kompyuta yenyewe. Programu isome faili la bei ambalo mhasibu analihariri kwa Excel. Jioni iandike mauzo ya siku kwenye folda `D:\Mauzo`, faili moja kwa kila siku, mhasibu aje na flashi achukue. Na ichape karatasi ya oda kwenye printa ndogo ya milimita 58, ile ambayo mteja anakwenda nayo stoo kuchukua saruji yake. (Risiti ya EFD ina mashine yake, hiyo sikuigusa.)

Kazi ya namna hii nimeshaifanya kwa njia nne, na kila njia imenilaza macho kwa namna yake. Wenzangu wakitaka kuchagua huanza na lugha: JavaScript au Rust? Mimi siku hizi naanza na swali jingine: ruhusa ya kugusa faili iko mikononi mwa nani? Kwenye kivinjari iko kwa mtumiaji, naye anaitoa faili moja moja au folda moja moja. Kwenye Electron (inayogeuza ukurasa wa wavuti kuwa programu ya kompyuta) programu inabeba ruhusa zote za akaunti ya Windows iliyoifungua. Kwenye Tauri (kazi hiyo hiyo, ila upande wa ndani ni Rust) unaziandika wewe mapema, kabla programu haijatoka kwako. Kwenye seva ya pembeni (kiprogramu kinachokaa kwenye kompyuta na kuuhudumia ukurasa) ruhusa ni za akaunti inayoendesha huduma, ambayo mara nyingi si ya huyo aliyekaa mbele ya skrini. Ukishajua hilo, nusu ya erori utazitabiri kabla hazijatokea.

Kivinjari peke yake

Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Huinstoli kitu, husambazi toleo jipya kwa flashi, unabadilisha kwenye seva na kesho kila mtu ana mpya. Tangu Chrome 86, Oktoba 2020, kivinjari kina `showOpenFilePicker` kwa faili moja na `showDirectoryPicker` kwa folda nzima, na kinaweza kuandika humo humo bila kushusha nakala nyingine kwenye Downloads. Edge nayo inazo, injini yao ni moja. Firefox na Safari hawakufuata. Wao wana OPFS tu, stoo ya ndani ya kivinjari ambayo mtumiaji hawezi kuifungua kwa Explorer. Usiweke mauzo ya mtu humo ukadhani umeyahifadhi. Siku kijana wa kaunta akifuta data za kivinjari ili "kompyuta iwe nyepesi", yamekwenda.

Sasa mitego yenyewe, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiko wengi wanakoanzia.

Ukifungua `index.html` kwa kubofya mara mbili, anwani inaanza na `file://`, na `fetch('bei.csv')` inakataa hata kama faili liko jirani kabisa. Ujumbe unataja CORS (sheria za kivinjari kwa ukurasa unaoomba data ya mahali pengine) na asili `null`, mtu anaanza kuhangaika na mipangilio ya seva wakati seva hana. Dawa ni kuwa nayo: simama kwenye folda ya mradi, andika `python -m http.server`, fungua `http://localhost:8000`.

Mtego wa pili ulinila siku nzima. Kwangu, kwenye `localhost`, kila kitu kilifanya kazi. Dukani programu ilikaa kwenye kompyuta ya ofisi na kaunta ikaifungua kwa `http://192.168.1.10`. Kitufe kikafa. Ukiangalia konsoli, `showDirectoryPicker` haipo kabisa, kama vile Chrome ni ya mwaka 2015. Kivinjari kinaitoa kazi hiyo kwenye ukurasa salama tu, yaani HTTPS, na `localhost` inahesabiwa salama kwa heshima yake. Anwani ya mtandao wa ndani yenye `http` haimo kwenye heshima hiyo.

Kisha kuna suala la kubofya. Dirisha la kuchagua faili lazima lifunguke kutokana na mkono wa mtumiaji. Ukiliita ukurasa unapofunguka, au ukiliita baada ya kusubiri jibu la seva kwa sekunde kadhaa, unapata `SecurityError` inayolalamikia kukosekana kwa tendo la mtumiaji. Fungua dirisha kwanza, mambo ya seva baadaye.

Na ile ya "jana ilifanya kazi": ulihifadhi kishikio cha folda (kile ulichopewa na `showDirectoryPicker`) kwenye IndexedDB, hifadhidata ya ndani ya kivinjari, leo umekichukua, ukaandika, umekataliwa. Kishikio kipo, ruhusa haipo. Uliza kwa `queryPermission`. Ikijibu `prompt`, weka kitufe cha "Endelea na folda ya Mauzo" na ndani yake uite `requestPermission`. Tangu Chrome 122, mwaka 2024, mtumiaji anaweza kukubali mara moja kwa ziara zote, lakini hilo ni chaguo lake, kodi yako haiwezi kulilazimisha.

Folda nyingine Chrome haikupi hata mtumiaji akitaka. Ukichagua folda ya Windows au Program Files inakwambia ina mafaili ya mfumo. Downloads yenyewe nayo inakataliwa. Tengeneza folda ndogo ndani yake na itakubali. `D:\Mauzo` haikuleta shida.

Mwisho, mistari hii mitatu:

```
const kalamu = await faili.createWritable();
await kalamu.write(mauzo);
await kalamu.close();
```

Ukisahau ule wa tatu, hakuna erori. Chrome inaandika kwenye faili la muda lenye mwisho `.crswap`, na inalibadilisha na lile la kweli pale tu unapofunga. Hujafunga, faili la kweli linabaki kama lilivyokuwa, na kama lilikuwa jipya linabaki tupu. Nilipolielewa hilo nikaanza kulipenda: umeme ukikatika katikati ya kuandika, mauzo ya jana yako salama. Kwenye njia zilizobaki ulinzi huo unautengeneza mwenyewe.

Electron

Hapa unabeba Chromium nzima (msingi wa Chrome) na Node (kiendeshaji cha JavaScript nje ya kivinjari) ndani ya programu yako. Kwa hiyo inastoler ni makumi ya megabaiti, na mteja anayenunua bando la siku atakukumbuka kila unapotoa toleo jipya. Faida yake ni kwamba `fs`, moduli ya mafaili ya Node, inagusa chochote ambacho akaunti ya mtumiaji inaweza kugusa, bila dirisha wala kuomba.

Erori maarufu kuliko zote ni `require is not defined`. Mafunzo mengi ya mtandaoni ni ya zamani, enzi ambazo ukurasa uliweza kuita `require('fs')` moja kwa moja. Toleo la 5, mwaka 2019, lilizima hilo kama chaguo la msingi. Toleo la 12, mwaka 2021, likaitenga kodi ya ukurasa na ile ya matayarisho (preload). Toleo la 20 likawasha sandbox, uzio unaoufungia ukurasa usiguse mfumo. Watu wanakutana na erori hiyo, wanatafuta jibu, wanapata mtu anasema weka `nodeIntegration: true` na `contextIsolation: false`. Inafanya kazi. Umefungua mlango wa nyuma: maandishi yoyote mabaya yatakayoingia kwenye ukurasa, hata jina la bidhaa lililobeba HTML ndani yake, yanaweza kufuta mafaili ya mtu. Njia ya halali si ndefu: `preload.js` inatoa kazi mbili tatu kwa `contextBridge`, upande wa pili `ipcMain.handle` inafanya kazi yenyewe. Toa kazi yenye jina, kama `hifadhiMauzo(tarehe, mistari)`. Usitoe `andikaFaili(anwani, chochote)`, maana hapo umerudisha mlango ule ule na kuupaka rangi.

Ya pili inawapata wanaohamisha programu kutoka matoleo ya nyuma. `file.path`, iliyokuwa inatoa anwani halisi ya faili lililoburutwa ndani ya dirisha, iliondolewa toleo la 32, mwaka 2024. Inarudisha `undefined`, na wewe unaipeleka kwa `fs` inayolalamika kuhusu aina ya kigezo. Tumia `webUtils.getPathForFile` ndani ya preload.

Ya tatu ndiyo ile ya "kwangu inafanya kazi". Ukiendesha kwa `npm start`, `__dirname` ni folda ya mradi wako, unaandika humo vizuri. Ukishafungasha, kodi yako imo ndani ya `app.asar`, na hilo ni furushi la kusomwa tu. Kuandika humo kunaleta `ENOTDIR` au `ENOENT`, majina ambayo hayafanani kabisa na chanzo. Data ya programu iende `app.getPath('userData')`, na mafaili ya mtumiaji yaende `app.getPath('documents')`. Usiunge `C:\Users\` na jina la mtu na `\Documents` kwa mkono: kompyuta nyingi zenye OneDrive zimehamishia Documents ndani ya folda ya OneDrive, na anwani yako ya kuunga inaelekea hewani.

Tauri

Tauri haibebi kivinjari. Inatumia kile cha mfumo, WebView2 kwenye Windows, WKWebView kwenye Mac, WebKitGTK kwenye Linux. Kwa hiyo programu inatoka na megabaiti chache, na kwa bando hilo ni jambo kubwa. Toleo la 1 lilitoka 2022, la 2 likatoka Oktoba 2024, na kati yao mfumo wa ruhusa ulibadilika sana, hivyo angalia tarehe ya jibu unalonakili. Ukiona neno `allowlist`, hilo ni la toleo la 1.

Erori yake ya kawaida inajieleza, na kwa hilo naipa maksi: `forbidden path`, ikifuatiwa na anwani, ikifuatiwa na jina la ruhusa unayoikosa. Watu wanaisoma kama Windows imekataa. Windows haijaulizwa bado. Aliyekataa ni Tauri, kwa sababu kwenye folda ya `capabilities` hukuandika kwamba dirisha hili lina ruhusa ya kuandika chini ya `D:/Mauzo/`. Ukibadilisha ruhusa za folda kwa Windows mpaka kesho, erori itabaki pale pale.

Kuna mambo mawili yasiyoonekana haraka. Mtumiaji akichagua faili kwa dirisha la kuchagua, anwani hiyo inaongezwa kwenye ruhusa, lakini kwa muda ambao programu iko wazi tu. Ukiihifadhi na kuitumia kesho, unakataliwa, sawasawa na kishikio cha Chrome kilichopoteza ruhusa. Kuna nyongeza ya `persisted-scope` kwa ajili hiyo. La pili, mipaka hii inahusu kodi ya upande wa JavaScript inayopitia nyongeza ya `fs`. Amri uliyoiandika mwenyewe kwa Rust na `std::fs` haipiti kwenye geti hilo. Ni msaada ukikwama, na ni jukumu pia, maana geti sasa ni wewe.

Ubaya wake kwangu ni Linux na mashine kuukuu. Tauri 2 inataka WebKitGTK ya 4.1, kwa hiyo Ubuntu ya chini ya 22.04 inakusumbua. Na ukurasa uleule unaweza kuonekana tofauti kidogo kila mfumo, kwa kuwa injini ni tofauti. Kwenye Windows 7, ambayo bado naikuta kaunta nyingi, WebView2 iliishia toleo la 109. Electron nayo iliachana na Windows 7 baada ya toleo la 22. Hapo hakuna mshindi.

Seva ndogo ya pembeni

Programu yako iko mtandaoni, matawi matano wanaitumia kwa kivinjari, na kila tawi lina printa. Hutaki kuandika upya kila kitu kwa ajili ya karatasi ya oda. Unaweka kiprogramu kidogo kwenye kila kompyuta kinachosikiliza `127.0.0.1` (kompyuta yenyewe) kwenye porti fulani, ukurasa unakitumia ujumbe, nacho kinaandika faili au kinachapa. QZ Tray inafanya hivyo kwa printa, na wengi wetu tumetengeneza ya kwetu kwa Node au Python.

Njia hii naiogopa, na sababu iko wazi. Ukurasa wako unaweza kuongea na `127.0.0.1`. Ukurasa wowote mwingine ambao mtumiaji ataufungua nao unaweza kubisha hodi hapo hapo. Mwaka 2019 iligundulika kwamba Zoom kwenye Mac ilikuwa imeacha seva ya namna hii kwenye porti 19421, na tovuti yoyote iliweza kumwingiza mtu kwenye mkutano kamera ikiwa wazi. Seva ilibaki hata mtu akishaiondoa Zoom, mpaka Apple yenyewe ikatuma sasisho la kuifuta. Kwa hiyo seva yako ikague kichwa cha `Origin` (ombi limetoka tovuti gani), idai tokeni (neno la siri), ikague na `Host` (anwani iliyoitwa), na isisikilize `0.0.0.0`, yaani mtandao mzima, kamwe, la sivyo hata simu iliyounganishwa kwenye Wi-Fi ya duka inaweza kuiamrisha.

Erori zake nyingi zinatoka kwenye swali la nani. Ukiiweka kama huduma ya Windows, kwa kawaida inaendeshwa na LocalSystem, akaunti ya mfumo wenyewe. Huyo haoni diski ya mtandao `Z:` uliyoiunganisha kwa akaunti yako. Folda yake ya nyumbani iko ndani ya `C:\Windows\System32\config\systemprofile`. Anaanzia kazi `C:\Windows\System32`, kwa hiyo ukiandika `./mauzo.csv` unajua sasa pa kulitafuta. Tumia anwani kamili, na kwa mtandao tumia `\\seva\folda`, au ifanye iwake mtumiaji anapoingia badala ya kuwa huduma.

Na tangu mwishoni mwa 2025 Chrome inamuuliza mtumiaji kabla tovuti haijaongea na mtandao wa ndani au kompyuta yenyewe. Kijana wa kaunta akibofya "Zuia" bila kusoma, seva yako iko hai, porti iko wazi, na ukurasa unasema haipatikani. Angalia ruhusa za tovuti kabla ya kuilaumu antivairasi. Safari ni shida nyingine: ukurasa wa HTTPS haiuruhusu kuita `http://127.0.0.1`.

Kwa anayetaka kuviona kwa pamoja:

| | Ruhusa ya nani | Itakataa lini | Kuchapa kimya (bila dirisha la kuuliza) | Kusambaza |
|---|---|---|---|---|
| Kivinjari | Mtumiaji, kwa kila folda | Bila HTTPS, bila kubofya, kwenye Firefox na Safari | Kwa kuwasha Chrome na `--kiosk-printing` | Hakuna cha kuinstoli |
| Electron | Akaunti iliyoifungua | Ukiandika ndani ya asar au Program Files | Ndiyo, imo ndani | Makumi ya MB |
| Tauri | Uliyoiandika wewe | Nje ya `capabilities` | Utaiandika kwa Rust | MB chache |
| Seva ya pembeni | Akaunti ya huduma | Diski za mtumiaji, zuio la Chrome | Ndiyo | Kila kompyuta kwa mkono |

Erori inasema nini kweli

Njia yoyote utakayochagua, siku moja mfumo wenyewe utakukatalia, na hapo majina yanadanganya. Mfano ninaoupenda: mhasibu ameacha faili la mauzo wazi kwenye Excel, programu inataka kuliandika. Node inasema `EBUSY`, na hiyo ni kweli tupu. Python kwa kosa lile lile inasema `[Errno 13] Permission denied`. Nimeona watu wakiifungua programu kama Administrator, wakigawa ruhusa za folda kwa kila mtu, hata wakiiondoa antivairasi, wakati dawa ilikuwa kumwambia mhasibu afunge Excel. Ukiona kwenye folda faili la siri linaloanza na `~$`, jua kitabu hicho cha Excel kiko wazi mahali.

Kinyume chake, ruhusa ikikosekana kweli kwenye Windows, Node inaandika `EPERM` mara nyingi kuliko `EACCES`. Na `ENOENT` haimaanishi faili tu halipo. Huenda ni folda ya juu yake isiyokuwepo, au umeandika `Bei.csv` na Linux inalijua `bei.csv`. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo, kwa hiyo kosa hilo linasafiri kimya mpaka siku ya kuhamia seva.

Kabla ya kubadilisha kodi yoyote naandika mistari mitatu kwenye logi: akaunti inayoendesha programu, folda inayofanyia kazi, na anwani kamili baada ya kuunganishwa. Kwenye Node ni `os.userInfo().username`, `process.cwd()` na `path.resolve(anwani)`. Mara nyingi jibu liko hapo na chai haijapoa.

Lisipokuwepo, kwenye Windows nafungua Process Monitor ya Sysinternals, nachuja kwa jina la programu, narudia kosa. Safu ya matokeo inaandika bila kupepesa macho: `NAME NOT FOUND`, `ACCESS DENIED` au `SHARING VIOLATION`, pamoja na anwani ambayo programu iliitafuta kweli, ambayo kwa kawaida si ile uliyodhani. Kwenye Linux ni `strace -f -e trace=file`, na `namei -l` ikifuatiwa na anwani, inayokuonyesha ruhusa za kila folda njiani. Hiyo ya pili ni hazina, kwa sababu faili linaweza kuwa wazi kwa wote na folda moja ya babu yake ikakosa `x`, ruhusa ya kupita.

Programu za zamani za duka, zile za biti 32 za Delphi au Visual Basic 6, zina kituko chao. Zinaandika ndani ya Program Files, Windows haikatai, inalihamisha faili kimya kimya kwenye `AppData\Local\VirtualStore` ya mtumiaji. Programu inaliona, wewe na kodi yako mpya hamlioni. Ukiambiwa usome data ya programu ya namna hiyo, anzia hapo. Na Documents ikikataa kuandikwa na programu moja tu huku nyingine zinaandika, tazama historia ya ulinzi ya Windows Security. Kuna kipengele cha kulinda folda dhidi ya programu zisizojulikana, na programu yako bado haijulikani.

Printa nimeigusa kidogo tu, niongeze moja. WebUSB, njia ya ukurasa kuongea na kifaa cha USB moja kwa moja, inavutia, lakini kwenye Windows printa ikishachukuliwa na draiva yake ya kawaida, kivinjari kinapata kukataliwa kufungua kifaa, na kumfundisha muuza duka kubadilisha draiva ni kazi ya siku nzima. Kwa seva ya pembeni au Electron kuna njia ya wazee: ishirikishe printa kwa jina `POS58`, kisha `copy /b oda.bin \\localhost\POS58`. Haipendezi machoni, ila inachapa.

Android haimo kwenye jedwali kwa makusudi. Tangu Android 11, programu mpya haitembei kwenye hifadhi ya simu inavyotaka. Mtumiaji anachagua folda, unapewa anwani ya `content://` ambayo si anwani ya faili, na usipoita `takePersistableUriPermission` inapotea simu ikizimwa. Ukiielewa tabia ya kivinjari, hiyo utaielewa pia.

Nilichokiweka dukani

Kompyuta ya ofisi inatumia kivinjari, kwa HTTPS, na mama ameshatoa ruhusa ya `D:\Mauzo` mara moja tu. Anafungua ripoti, anatazama, anafunga. Kaunta nimeweka Electron. Nilianza na Tauri kwa ajili ya udogo wake, nikairudisha nyuma kwa sababu ya kuchapa kimya: foleni ikiwa ndefu, dirisha la kuchapa likitokea kila oda, kijana anaanza kuandika oda kwa mkono. Electron inachapa kwa mstari mmoja wenye `silent: true`, na faili la mauzo naliandika kwanza kwa jina la muda, kisha nalibadilisha jina, kwa sababu umeme wa mtaa ule una tabia zake. Jina likigoma kubadilika kwa kuwa Excel imelishika, programu inasubiri, inajaribu tena, na ikishindwa inaandika pembeni kwa jina lenye saa, huku ikimwambia kijana kwa Kiswahili: "Faili la mauzo limefunguliwa kwenye Excel. Lifunge." Ujumbe huo umenipunguzia simu kuliko kodi nyingine yoyote niliyoandika mwaka ule.

Ingekuwa ni duka lenye matawi na programu tayari iko mtandaoni, ningekwenda na seva ya pembeni na hofu yangu yote, tokeni mkononi. Na kama hakuna printa, nisingeinstoli kitu chochote.

Ile fakepath ilikuwa mstari mmoja. Nilikuwa naonyesha `value` ya kisanduku, nikaweka `files[0].name`, na skrini sasa inaandika `bei.csv` peke yake. Kijana wa kaunta bado akiniona anauliza kama nimekuja na dawa ya virusi.